Maoni Kuhusu Mgeni wa Ghorofani

Katika miaka ishirini na miwili ya kazi, Mzee Tochi alikuwa ameona filamu nyingi kuliko mtu yeyote mtaani kwao, na hakuna hata moja ambayo aliujua mwisho wake.

Si kwamba alikuwa akisinzia. Ni kazi ndiyo iliyomtoa. Meneja alikuwa ameweka sheria: zikibaki dakika kumi, mkata tiketi atoke ukumbini, azunguke korido ya nyuma na rundo lake la funguo, afungue kufuli za milango minne ya pembeni, ndiyo ya kutokea, kisha asimame pale kama mlingoti mpaka watu watoke. Milango ilitiwa kufuli kwa sababu Meneja alikuwa na hofu moja tu maishani, kwamba kuna mtu mahali fulani anatazama filamu bure. Na moto ukizuka je? Mzee Tochi aliuliza hivyo mara tatu. Mara zote tatu akajibiwa kwamba suala hilo liko juu. Huko juu ndiko masuala yote yalikokwenda, na hakuna lililowahi kurudi.

Mkewe alipokuwa hai, jambo hili halikumsumbua. Alikuwa akifika nyumbani, anavua viatu, anamsimulia filamu yote mpaka pale alipotoka na funguo zake, na mkewe anaimalizia kwa kichwa chake mwenyewe huku akimenya viazi. "Basi hapo yule mwanamke akafunga mizigo akarudi kwao, na yule bwana akabaki anajifulia mashati." Ikiisha hivyo, imeisha. Mzee Tochi hakuwahi kuuliza zaidi. Tangu mkewe afariki, ilikuwa imepita miaka mitatu, na filamu zote hizo zilibaki kichwani mwake zikiwa nusunusu, watu wakiwa wamesimama na bastola mkononi.

Kuhusu kifo chenyewe, hakupenda kusema sana. Kulikuwa na mashine hospitali, mashine ilikuwa mbovu, na barua ya kuomba fundi ilikaa kwenye meza ya mkubwa fulani ikisubiri saini. Mkubwa alikuwa semina. Mwana wa pekee wa Mzee Tochi, dereva wa lori la saruji, ndiye aliyesema, "Baba, tusubiri, wamesema kesho atasaini." Walisubiri. Baada ya mazishi baba hakumgombeza mwanawe hata neno moja, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wote. Angemgombeza yangekwisha.

*

Filamu iliyoleta balaa ilikuwa inaitwa Mgeni wa Ghorofani. Bangoni pale nje iliandikwa kwa wino mwekundu: WATU WAZIMA TU. Ilikuwa habari ya msichana wa miaka kumi na tisa, hana kwao, anayepokelewa kwenye nyumba ya matajiri baba na mwana. Anapewa chumba cha juu. Ndani ya mwezi mmoja baba hali halali, mwana hali halali, kila mmoja anaamini yeye ndiye anayependwa, na msichana anapanda na kushuka ngazi akibeba maneno: huyu kasema hivi juu yako, yule kasema vile. Zilikuwamo na zile sehemu ambazo ukumbi mzima hukohoa kwa pamoja. Mzee Tochi kwenye sehemu hizo alikuwa akielekeza tochi yake chini na kukagua viatu vyake.

Watu walilalamika. Wengine walilalamika, wakakata tiketi tena, wakalalamika upya. Malalamiko yakafika juu, na safari hii, ajabu, yalirudi. Ofisi ya vibali ilimtaka Meneja akusanye maoni ya watazamaji kwa wiki mbili, ayatenge ya wanaosema filamu ibaki na ya wanaosema iondolewe, apeleke ripoti.

"Wewe utayasoma," Meneja alimwambia Mzee Tochi.

"Mimi? Bosi, mimi darasa la nne sikulimaliza."

"Kusoma unajua?"

"Polepole."

"Wiki mbili si polepole?" Meneja akacheka peke yake, akamkabidhi sanduku la kadi, akafunga ofisi yake, yenye meza na taa nzuri, saa kumi kamili kama kawaida yake.

Ndiyo maana kadi zikawa zinasomewa nyumbani, kwenye meza ambayo upande mmoja alikaa Mzee Tochi na miwani yake iliyofungwa uzi, na upande wa pili Kitinda alikuwa akipiga pasi.

Huyu Kitinda hakuwa mtoto wao. Mama yake alilazwa kitanda cha pili kutoka kwa mke wa Mzee Tochi, akatangulia kufa, na binti, wakati huo ana miaka kumi na sita, akabaki amekaa kwenye benchi la wodi kwa sababu hakuwa na pengine pa kukaa. Mke wa Mzee Tochi akasema huyu ni kitinda mimba wangu, nimempata uzeeni. Akamleta na jina hilo hilo mpaka nyumbani, na wiki sita baadaye akarudishwa wodini akafa, akamwacha. Sasa Kitinda alikuwa na miaka kumi na tisa, akifanya kazi kwa dobi, na mashati ya watu yakizidi alikuwa akija nayo kuyamalizia nyumbani. Mzee Tochi alimwita Kitinda. Mwanawe alimwita Mgeni.

"Soma hii," Mzee Tochi alikuwa akimwambia, akimpa kadi. "Huyu ameandika kama kuku aliyekimbia na wino."

Kitinda alikuwa akiweka pasi pembeni na kusoma bila kubadilisha sauti, iwe tusi au sifa. "'Msichana yule ni shetani, na mwigizaji mwenyewe naye ana macho ya kishetani. Iondolewe. Naomba kujua itaonyeshwa tena lini.'"

"Weka kwa iondolewe."

"'Mimi ni mama wa watoto wanne. Kosa ni la yule baba. Mtu mzima unachanganywaje na mtoto wa juzi? Ibaki, waume wetu waone.'"

"Ibaki."

"'Viti vya safu ya saba vina misumari.'"

Mzee Tochi alifikiri kidogo. "Hiyo nayo ibaki. Ni kweli."

Basi jioni hizo zilipita hivyo, chumba kikinuka wanga na kitambaa cha moto, na mafungu mawili yakipanda mezani. La iondolewe lilikuwa refu zaidi. Lakini kwenye kadi nyingi, hata za iondolewe, lilikuwamo neno ambalo Mzee Tochi hakulielewa. Watu walikuwa wakimtukana msichana mistari minne, halafu wa tano wanaandika: ila pale mwisho nilimhurumia. Au: ila ile meza ya mwisho, Mungu atusamehe.

"Meza gani?" aliuliza Mzee Tochi.

Kitinda alikuwa ameiona filamu mara moja, kwa tiketi ya bure ya wafanyakazi. Akalinyoosha shati, akaikunja kola. "Si unaifanyia kazi wewe, Baba?"

"Mimi naishia pale wanapomkuta kwenye ngazi na sanduku la vito."

"Basi hujaiona," alisema, akavuta shati jingine.

*

Anayeuza tiketi pale ukumbini ni mama mmoja mwenye ulimi usio na breki, aliyezoeleka kwa jina la Mama Dirisha. Ijumaa moja, foleni ikiwa imekatika, alitoa kichwa nje ya kidirisha chake.

"Mzee Tochi, hivi wewe unavyoiangalia hii filamu kila siku huogopi?"

"Niogope nini?"

"Si na wewe una wako nyumbani? Hana kwao, umri ule ule, kakaribishwa na marehemu. Imebaki ghorofa tu."

"Nyumba yangu haina hata dari, ghorofa itoke wapi?"

"Nakutania, baba yangu, usinune." Lakini alikuwa amelisema, na neno likisemwa kwenye kidirisha kile huwa limetangazwa.

Jumapili yake mwanawe akaja. Hii yenyewe ilikuwa habari, kwani kwa miaka hiyo mitatu alikuwa akija kama mtu anayepita kusoma mita. Safari hii aliingia ametulia, akavua kofia, akaketi. Kitinda alikuwa ametoka kupeleka nguo kwa dobi.

"Baba, nimekuja kukushukuru kwa lile sweta," alisema. "Usiku kwenye lori baridi inauma. Nikasema kumbe mzee bado ananikumbuka."

"Sweta lipi?"

"La kijivu. Si ulimpa Mgeni aniletee? Alisema umelitunza tangu ujana wako."

Mzee Tochi alikuwa na sweta la kijivu, ni kweli. Alidhani limeliwa na panya. Akasema polepole, "Na wewe ahsante kwa betri za redio. Na ule mkongojo."

"Betri gani?"

Wakatazamana. Ikaja moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa vitu mfukoni. Salamu za kila wiki ambazo mwana hakuzituma. Swali la baba kwamba mgongo wa mwanawe unaendeleaje, ambalo baba hakuliuliza. Ujumbe kwamba mzee amesema ya hospitali yamekwisha, hamlaumu mtu. Hapo mwana alishusha macho.

"Hukusema hivyo," alisema.

Mzee Tochi angeweza kusema uongo mdogo. "Sikusema."

Mwana alisimama. Alikuwa mwekundu wa macho, na hasira ikapata pa kutokea. "Nimeiona ile filamu yenu, Baba. Ijumaa, na wenzangu wa gereji, nikashusha kofia usinione. Na yule alianza hivi hivi! Anabeba maneno huku, anabeba maneno kule, mpaka nyumba imekuwa yake. Huyu anatuchezesha kama vikaragosi. Leo sweta, kesho nini? Atakuambia nimesema uandike nyumba jina lake."

"Hajawahi kuniomba kitu."

"Na yule hakuomba! Walikuwa wakimpa wenyewe." Akavaa kofia. "Mwisho wa mwezi asiwepo hapa. Ukiona haya kumwambia, nitakuja nimwambie mimi."

Mzee Tochi alibaki na kikombe chake cha chai kilichopoa. Kilichomuuma si sweta. Ni lile la hospitali. Kuna mtu alikuwa amesamehe kwa jina lake bila kumwomba ruhusa, kama wale wakubwa wanaotia saini juu ya maisha ya watu. Kitinda aliporudi na kapu tupu, alimjibu salamu kwa mkato, akasema leo kadi hazisomwi.

*

Jumatatu alikuwa amekwisha kata shauri. Angemwambia jioni, bila kelele: binti, umekua, tafuta chumba. Aliona hata namna atakavyosimama akisema.

Mchana, kabla ya onyesho la saa nane, alikaa kwenye ngazi za ukumbi na fungu la kadi za mwanzo kabisa, zile za wiki ya kwanza ambazo zilikuwa hazijapangwa. Akakutana na kadi moja ambayo haikumpa taabu kuisoma, kwa sababu mwandiko wake aliuona kila siku kwenye vijikaratasi vilivyobanwa kwenye mashati: herufi kubwa, zilizonyooka, kama zimepigwa pasi.

Ilisema: *Ni mwongo na alistahili kukasirikiwa. Lakini walimtoa nje na hakuna aliyemuuliza alikuwa anatafuta nini. Halafu ile meza. Ibaki.*

Aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akaenda kubisha ofisini.

"Bosi, leo naomba nikae mpaka mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa filamu."

Meneja alimtazama kama mtu aliyeomba kuolewa. "Na milango afungue nani? Mimi?"

"Nafungua kabla haijaanza."

"Waingie bure? Mzee, hiyo ni sheria, si mimi. Suala liko juu."

Miaka ishirini na miwili. Mzee Tochi aliitika "sawa", akatoka, akakata tiketi, akawaonyesha watu viti vyao na kumwonya mmoja juu ya misumari ya safu ya saba. Filamu ikaenda. Watu wakakohoa palipo na kukohoa. Msichana akakutwa kwenye ngazi na sanduku la vito. Saa ikafika. Mzee Tochi akaushika mshipi wake uliobeba funguo, akauzuia usilie, akaketi kwenye kiti cha pembeni cha safu ya mwisho, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akazima tochi.

Wakamtoa. Hakukuwa na bastola wala kilio. Baba alifungua mlango wa mbele, mwana akaweka begi lake nje, mlango ukafungwa. Msichana hakuonekana tena. Kamera ilibaki ndani, na ndani palikuwa na meza ndefu iliyoandaliwa. Baba akaketi kichwani pa meza, mwana akaketi ncha ya pili kabisa, wakala. Vikasikika vijiko. Baba akatazama sahani. Mwana akatazama sahani. Mmoja akaomba chumvi, na mwenzake akaisogeza, na ikabainika kwamba tangu filamu ianze hawa wawili hawakuwahi kuambiana neno lolote ambalo halikupitia kwa yule msichana. Walikuwa hawajui waanzie wapi. Wakaendelea kula. Dakika nne nzima, vijiko tu, mpaka majina yakaanza kupanda.

Mzee Tochi hakubandua macho. Alikuwa anaisikiliza nyumba yake mwenyewe.

Kilichomshtua ni ngumi mlangoni. "Fungueni!" Taa zilikuwa zimewaka, watu wamejazana kwenye milango minne yenye kufuli. "Tumefungwa kama mbuzi!" "Yuko wapi yule mzee?" "Yule pale, amekaa, analia!"

"Silii," alisema Mzee Tochi, akazunguka koridoni, akatafuta ufunguo na akakosea mara mbili.

Meneja alimsubiri koridoni, mishipa ya shingo imemsimama. "Unajua ungeniulia watu humu? Moto ungezuka je?"

"Hilo nimekuuliza mara tatu, bosi," alijibu Mzee Tochi kwa upole. "Uliniambia liko juu."

Na kwa kuwa watazamaji sitini walikuwa wamesimama wanasikiliza, na mmoja amekwisha omba kadi ya maoni aandike habari ya kufuli, Meneja alimeza kilichokuwa kinakuja.

*

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Pasi ilikuwa baridi. Begi la Kitinda lilikuwa mezani, limefungwa, na mashati ya watu yamekunjwa pembeni yake, kila moja na kijikaratasi chake.

"Kaka alipita kwa dobi mchana," alisema. Ndivyo alivyomwita mwana wa nyumba, hata kama mwenyewe hakuitikia. "Amenieleza."

"Kaa chini."

Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Betri ulinunua wewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mkongojo."

"Ulisahauliwa na mteja mwaka mzima. Dobi alinipa."

"Na la hospitali. Nani alikutuma kusema nimesamehe?"

Mara hii sauti ya Kitinda haikuwa ile ya kusomea kadi. "Marehemu Mama wa hapa hakunituma, nisije nikamsingizia. Nilisema mwenyewe. Niliona kila mmoja anakaa na lake, nikaogopa. Mkigombana mkatawanyika, mimi nakaa na nani? Sikuwafanyia wema, Baba. Nilikuwa natafuta nyumba isivunjike kwa sababu sina nyingine. Ni uongo, najua. Nimefunga begi."

Mzee Tochi alimtafuta shetani ambaye watu walikuwa wamemwandika kwenye kadi, akaona msichana mwenye alama ya pasi kwenye kiwiko, anayesubiri kuambiwa mlango uko wapi. Na mlango aliujua. Alikuwa mtu wa milango.

Akatoa simu yake mfukoni, akaipeleka mbali na macho ili aone namba, akabonyeza. Iliita muda mrefu. Nyuma ya sauti ya mwanawe kulikuwa na mngurumo wa lori.

"Haloo? Nani, Mgeni?"

"Ni mimi."

"Baba? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Napiga mwenyewe. Hakuna aliyenituma." Alisita, kwa sababu kuanzia hapo hapakuwa na mtu wa kumbebea maneno. "Mgongo wako unaendeleaje?"

Upande wa pili injini ilizimwa. "Unaniuma," mwana alisema hatimaye. "Ukikaa muda mrefu unauma."

"Ile siku ya hospitali," Mzee Tochi alisema, "ulisema tusubiri, na mimi nilikubali. Tulikuwa wawili. Mwenye saini alikuwa semina. Sijakwisha kukasirika, lakini si na wewe."

Kwenye lori lililosimama mtu alivuta pumzi.

"Jumapili uje kula," akaongeza. "Na mazungumzo tuyatafute sisi wenyewe, hata kama ni ya chumvi."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Mgeni. Ameshaondoka?"

Mzee Tochi alimtazama Kitinda, ambaye alikuwa amelishika begi kwa mikono miwili. "Dada yako yupo hapa, anataka kuwasha pasi. Mashati ya watu hayajaisha."

Alipokata simu, Kitinda alikuwa bado ameketi.

"Lakini ukisema tena kwa mdomo wangu," Mzee Tochi alisema, "nitakupeleka ukafungue milango minne."

"Sawa, Baba."

"Na lile sweta nilikuwa nalipenda."

Baadaye, chumba kikiwa kimeanza kunuka wanga, alivuta kadi tupu kutoka kwenye sanduku, akaomba kalamu, akaandika polepole huku akiuma ulimi. Hakumwomba Kitinda amsaidie, hata kwenye maneno marefu. Alipomaliza aliisoma kwa sauti, kama mtu anayehakikisha hesabu:

"'Mimi ni mkata tiketi. Msichana ana makosa na wale wanaume wana makosa. Mwisho nimeuona, ni mzuri. Ibaki. Milango isitiwe kufuli, na asitolewe mtu kabla mwisho haujaonekana. Wakubwa wakija waketi safu ya saba.'"

Akaiweka juu kabisa ya fungu la ibaki.